KUTUA KABLA YA KUKATA SHAURI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisifu kwa ulimi na hulikimbia kwa vitendo, nalo ni kutua. Twasema "kutua" kwa makusudi. Mpagazi hutua mzigo wake njiani, si kwa kuwa safari imemshinda, bali apate kuvuta pumzi, azitazame kamba kama zimelegea, na aulize njia kama ndiyo. Kisha hujitwika akaenda zake. Kwa Kiarabu sifa hii huitwa ta'anni, na mambo ya uongozi hayasimami bila yake.

Yajulikana habari ya Ashajj wa kabila la Abdul Qais. Ujumbe wa watu wake ulipofika Madina, wenziwe waliruka kutoka juu ya wanyama wao kumkimbilia Mtume (S.A.W.), na yeye, ambaye ndiye mkubwa wao, akabaki nyuma. Akawafunga ngamia, akaikusanya mizigo ya wenziwe, akavaa nguo safi, ndipo akaja. Mtume akamjulisha kuwa anazo sifa mbili azipendazo Mwenyezi Mungu: upole wa moyo na utulivu wa kutopapia mambo. Wenziwe hawakukosea kwa mapenzi yao, wala hakuna aliyewalaumu. Lakini yafaa tuone ni nani aliyesifiwa, na alisifiwa akiwa ametoka kufanya kazi gani: kazi ya kuangalia mizigo ya watu.

Twayaandika haya tukiwa Endebess. Kwa msomaji wetu wa Mombasa, Malindi au Lamu ambaye hajapata kufika, Endebess ni mji mdogo wa wakulima katika Trans Nzoia, kaskazini-magharibi ya Kitale, katika njia iendayo Suam kwenye mpaka wa Uganda. Mashamba ya mahindi yanaanza mlangoni pa mji, na nyuma yake unainuka Mlima Elgon wenyewe, ambao asubuhi nyingi kichwa chake hakionekani kwa mawingu. Upande wa pili wa mlima, ulio katika kaunti ya Bungoma, ndiko yalikotokea mambo tutakayoyaeleza. Na kwa nini tuwapandishe watu wa pwani mpaka huku? Kwa sababu huku limepita jambo ambalo kila mwenye kushika uongozi, mkubwa au mdogo, angefaa alisome kama asomavyo mas'ala katika kitabu. Na pia kwa sababu, kama itakavyodhihiri, jambo lenyewe si geni hata kidogo kwa watu wa mwambao.

Juu ya mlima, mtu akishaupita msitu, pana nchi ya nyasi, yenye baridi kali, iitwayo Chepkitale. Wenyeji wake ni Waogiek wa Mlima Elgon, watu wa nyuki na wa mifugo, ambao walikuwako kabla ya mashamba ya walowezi kukatwa huku chini. Kwa sheria iliyokuwapo zamani nchi hiyo ilikuwa ardhi ya udhamini: si mali ya baraza la wilaya, bali baraza liliishika kwa niaba na kwa faida ya wale waishio juu yake. Msomaji wa pwani hahitaji kueleweshwa sana hapa. Baraza lilikuwa katika cheo cha mutawalli wa wakfu. Na mutawalli, kama tujuavyo sote, ameshika ufunguo, hakushika nyumba.

Katika mwaka wa 2000, baraza la Mlima Elgon liliomba Chepkitale igeuzwe kuwa hifadhi ya taifa ya wanyama, na serikali ikakubali ikaitangaza hivyo. Lengo lilitajwa kuwa jema, nasi hatulikanushi. Mlima huu ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya maji katika Kenya, na Mto Nzoia hupata sehemu ya maji yake huku. Mwenye kutaka kuulinda msitu wake hakutaka jambo baya. Lakini wenyewe wenye nchi hawakuulizwa. Walilala usiku wakiwa katika ardhi yao, na kulipokucha sheria ikawahesabu kuwa wavamizi wa hifadhi. Baada ya hapo walifukuzwa na wakarudi, nyumba zao zikachomwa zaidi ya mara moja, watoto wakashushwa mlimani, na wazee wakarejea juu kwa sababu hawakuwa na mahali pengine. Shauri likapelekwa mahakamani mwaka wa 2008. Hukumu ikatoka mwezi wa Septemba 2022, katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma: kwamba kuigeuza nchi ile bila ya kushauriana na wenyewe kulikuwa kinyume cha sheria.

Hesabu miaka. Tangu kutangazwa hifadhi mpaka hukumu ni miaka 22. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2000 alikwisha kuwa mtu mzima kabla ya kuambiwa na mahakama kuwa nyumbani kwao ni nyumbani kwao. Na kazi ya kuwauliza watu wa Chepkitale ingechukua muda gani? Diwani mmoja na mzee mmoja wa kumwonyesha njia, wakapanda mlima, wakakaa nao juma moja au mawili, wakarudi na jibu. Hata tukisema miezi sita, au mwaka mzima kwa vile vikao vyetu vipendavyo kuahirishwa, ulinganishe mwaka huo na hiyo 22.

Huenda mtu akasema: lakini madiwani walikaa kikao, na kikao si kutafakari? Hapa ndipo penye fundo la somo letu, nasi twapenda msomaji apatie akili. Kutua hakupimwi kwa urefu wa kikao wala kwa wingi wa vikombe vya chai vilivyonywewa. Watu kumi wanaweza kukaa siku tatu wakifikiri, na wasipate kujua ila yale waliyoingia nayo mlangoni. Faida kubwa ya kutua ni kumpa nafasi yule asiyekuwapo apate kufika.

Ushahidi wa haya ni safari ya Sayyidna Umar (R.A.) kwenda Sham, nayo imepokewa katika Bukhari na Muslim. Alipofika mahali paitwapo Sargh, wakamkuta makamanda wa majeshi, akiwemo Abu Ubaida, wakamwambia kuwa Sham imeingia tauni. Huyu ni Khalifa wa Waislamu. Majeshi yote yapo chini ya amri yake, na kundi lote limesimama njiani likimngoja aseme neno moja: twendeni, au turudini. Hakulisema. Aliamuru waitwe Muhajirina wa kwanza, akawataka shauri; wakahitilafiana, baadhi yao wakisema umetoka kwa jambo kubwa hatuoni urudi, wengine wakisema usiwapeleke sahaba wa Mtume katika ugonjwa huu. Akawaruhusu waondoke. Akaitisha Maansari, nao wakahitilafiana kama wenzao. Akawaruhusu waondoke. Kisha akaitisha wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa kufunguliwa Makka, na hawa hawakutofautiana hata wawili: rudi na watu. Ndipo akatangaza kuwa asubuhi atapanda mnyama wake arudi.

Abu Ubaida hakuridhika, akauliza kama huko si kukimbia kadari ya Mungu. Sayyidna Umar akamjibu kwa mfano wa mchungaji mwenye bonde la pande mbili, moja lina malisho na moja ni kavu. Popote atakapochunga, amechunga kwa kadari ya Mungu. Jibu hili ni mashuhuri, na katika darsa zetu nyingi kisa hukomea hapo, jambo ambalo sisi twaona ni upungufu, kwa kuwa sehemu yenye faida zaidi inakuja baadaye. Akafika Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo katika shauri lote lile kwa kuwa alikwenda katika haja yake. Naye akasema kuwa ana elimu ya jambo hili: amemsikia Mtume (S.A.W.) akiagiza kuwa tauni ikisikiwa katika nchi watu wasiiendee, na ikiwakuta ndani yake wasitoke kuikimbia. Sayyidna Umar akamshukuru Mungu, akaondoka.

Tulia hapa, ndugu msomaji. Palikuwa na Muhajirina, na Maansari, na wazee wa Kikureshi, watu bora kabisa wa umma huu. Na nassi yenyewe ya mas'ala haikuwa kwa yeyote kati yao. Ilikuwa kwa mtu mmoja ambaye hayupo. Lau Khalifa angekata shauri pale pale juu ya mgongo wa mnyama wake, Abdurrahman angefika akakuta vumbi.

Watu wa Chepkitale walikuwa ndio Abdurrahman bin Auf wa shauri la mwaka 2000. Wao ndio walioyajua maji yanatoka wapi, mzinga upi ni wa nani, na ng'ombe wapite wapi katika kiangazi ili msitu usidhurike. Na miaka iliyofuata imetoa ushahidi, kwa kuwa wao wenyewe waliziandika kanuni zao za kulinda nchi ile, wakapiga marufuku kuchoma makaa, na wakawa wakiwakamata wachomaji na kuwakabidhi kwa wenye amri. Kile ambacho baraza lilikitafuta kwa kuwafukuza watu, watu walikuwa nacho.

Sasa tusije tukafahamika vibaya. Wako viongozi watakaoyasoma haya wakafurahi, wakasema: sisi hatuna haraka, faili lipo mezani mwaka wa tano huu. Hao nao tuna neno lao, na neno lenyewe liko mlima huu huu, mahali paitwapo Chebyuk.

Mwaka wa 1971 serikali ilianza kuwashusha watu wa Chepkitale ili wapewe mashamba Chebyuk, katika ardhi iliyokatwa kutoka msituni. Watu wa juu huitwa Mosop, na wa chini huitwa Soy. Wote ni wa mlima mmoja na lugha yao ni moja. Ardhi ilipofunguliwa, wa Soy nao waliingia, wengine kwa kukodi, wengine kwa kununua, wengine kwa kuona pako wazi. Mipaka haikukamilishwa wala hati hazikutolewa. Ugawaji ukafanywa, ukavunjwa, ukafanywa tena. Pakawa na awamu ya kwanza, na ya pili, na kila uchaguzi ukija na ahadi zake. Watu wakazeeka juu ya mashamba ambayo hakuna aliyeweza kuwaambia kuwa ni yao. Kisha, baada ya miaka zaidi ya thelathini, ikaja awamu ya tatu, na yale yaliyocheleweshwa muda wote huo yakakatwa kwa pigo moja: waombaji walizidi 7,000, na waliopewa ni 1,732, nusu kwa nusu baina ya Mosop na Soy. Waliokuwa wamelima na kuzika wazazi wao pale wakaambiwa watoke.

Katika mgogoro huo likazaliwa kundi la vijana wenye bunduki lililojiita jeshi la kulinda ardhi ya Wasabaot. Liliua, likakata watu masikio, likatoza kodi, likawatia hofu hata wale lililodai kuwapigania. Kwa hesabu ya mashirika ya haki za binadamu, watu zaidi ya 600 waliuawa kufikia mwaka wa 2008, na makumi ya maelfu walihama makwao, baadhi yao wakashukia upande huu wa Trans Nzoia.

Je, miaka thelathini na kitu ile ilikuwa ni kutua? Hasha. Kutua ni kazi, na mwenye kutua ana jambo alitafutalo: habari, au mtu wa kumsikiliza, au hasira yake impungue. Akilipata hutwika mzigo akaondoka. Aliyeweka mzigo chini akaenda zake kulala hakutua, ametelekeza. Na jambo la ajabu, ambalo twaliona mara nyingi katika mambo ya watu, ni kuwa uzembe na papara ni ndugu wa tumbo moja. Anayeliacha jambo mpaka lioze, siku ya mwisho hulikata kwa haraka kwa sababu uvundo umemzidi.

Kisha, Machi 2008, likaletwa jeshi. Kwamba wauaji walistahili kukomeshwa, hilo hatulitilii shaka, na watu wengi wa mlima walifurahi siku za mwanzo. Lakini wanaume zaidi ya 3,000 walikusanywa, karibu kila mwanaume aliyepatikana katika baadhi ya vijiji, wakapangwa mistari, na watoa habari wakapita mbele yao wakionyesha huyu ni katika wao, huyu si katika wao. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za mateso, na za watu waliochukuliwa wasirudi, serikali ilikana. Kiongozi wa kundi lile aliuawa mwezi wa Mei mwaka huo, na bunduki zikanyamaza. Lakini wapo wake mpaka leo ambao hawajui kama wakae eda au wangoje. Mtu aliyeonyeshwa kidole katika mstari, pengine kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, alipata wapi nafasi ya kusema lake?

Maulamaa wa tafsiri wanapoieleza Suratul Hujurat hutaja kisa cha Walid bin Uqba. Alitumwa kwa Banu Mustaliq kukusanya zaka. Wao waliposikia kuwa mjumbe wa Mtume anakuja, wakatoka kundi zima kumlaki. Naye alipoliona kundi akaingiwa na hofu, akageuza njia, akarudi Madina na kusema kuwa wamezuia zaka na wamekusudia kumuua. Tazama jinsi habari ilivyokuwa na sura ya ukweli: mjumbe ni mtu anayejulikana, amefika karibu, ameona kwa macho yake. Na habari yenyewe ni ya vita. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alimtuma Khalid bin Walid, akamwamrisha ahakikishe wala asifanye haraka, Khalid akafika karibu nao usiku, akapeleka wapelelezi, na wapelelezi wakasikia adhana na wakaona watu wanaswali. Usiku mmoja wa kusikiliza, na kabila zima likasalimika.

Akiuliza mtu: mwasemaje juu ya jambo la dharura? Nyumba inaungua, nanyi mwataka tuitishe Muhajirina na Maansari? Tutamjibu kuwa nyumba ikiungua hupelekwa maji, na hakuna faqihi yeyote aliyesema vingine. Lakini atazame pia kazi ya nahodha. Jahazi likipigwa na dhoruba nahodha huamua kwa kupepesa jicho: teremsha tanga, tupa shehena. Watu wa pwani wanajua kwamba ameweza kuamua upesi kwa sababu alitua kabla ya kuondoka. Alizikagua kamba, alisubiri pepo za msimu, alikataa kutweka siku abiria walipomlalamikia kuwa wana haraka. Uharaka wake wa baharini alikwisha kuulipia bandarini. Nasi twaongeza kuwa mambo mengi yanayoitwa dharura katika vikao vyetu si moto. Ni kwamba mkubwa fulani anataka kusafiri kesho, au fedha za mradi zitarudi zisipotumiwa, au uchaguzi uko karibu.

Tulisema kuwa jambo hili si geni kwa mwambao. Ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai pwani wajitokeze kuyaandikisha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya dola. Mwenye karatasi na mwenye kujua njia ya ofisini aliandikisha. Mkulima aliyekuwa kondeni, na mjane aliyekuwa edani, na ukoo ambao ardhi yao haikupata kuandikwa popote kwa kuwa kila jirani aliijua, hao hawakuwapo. Uskwota wa leo katika Kilifi na Kwale una mizizi yake huko, na umri wake umepita karne.

Na karibu zaidi ni habari ya Lamu. Bandari kubwa ilianza kujengwa, magati yakachimbiwa katika njia za wavuvi, na wavuvi wenyewe wakazipata habari kama wazipatavyo wageni. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu, katika shauri la watu wa Lamu, iliamua kuwa haki zao zilivunjwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni 2019, Baraza la Taifa la Rufaa za Mazingira likaifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa huko huko, na katika sababu zake kubwa ni kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mvuvi wa Amu na mfuga nyuki wa Chepkitale hawajapata kuonana, na lugha zao hazikutani ila kwa Kiswahili. Lakini wakikaa mkeka mmoja wakahadithiana, kila mmoja atamaliza sentensi ya mwenziwe.

Katiba ya 2010 imelifanya jambo hili kuwa wajibu: ushirikishwaji wa wananchi umetajwa miongoni mwa misingi ya utawala katika kifungu chake cha 10. Ni jambo jema. Lakini tumeona unavyofanywa. Tangazo hutiwa katika gazeti la Kiingereza, mkutano ukaitishwa siku chache baadaye saa nne za asubuhi, wakati mvuvi yuko baharini na mama yuko sokoni. Watu wakapewa soda, wakatia sahihi karatasi ya mahudhurio, na karatasi ile ikawa ndiyo dalili kuwa umma umeshauriwa. Huyo ni mtu aliyeketi juu ya mzigo wake njiani ili aonekane ametua, na kamba hakuzitazama.

Baada ya kusema juu ya mabaraza na majeshi, tusijifiche nyuma yao. Wengi wanaosoma waraka huu hawatapata kugeuza mlima kuwa hifadhi. Lakini ni wanakamati wa msikiti, au wasimamizi wa madrasa, au viongozi wa chama cha kuzikana, au ni wakubwa katika koo zao wanaokata mambo ya mirathi na ndoa. Nani kati yetu hajaona kamati ya msikiti ikikutana baada ya Isha, joto la maneno likapanda, na kabla ya saa tano mwalimu wa madrasa amekwisha kuachishwa, kwa habari iliyoletwa na mtu mmoja ambaye naye aliipata kwa mkewe? Mwalimu hakuitwa. Wazazi hawakuulizwa. Asubuhi watoto wamekuja na juzuu zao, mlango umefungwa. Na kamati ile ile, mwezi mmoja kabla, ilizungumza juu ya Lamu kwa uchungu wa kweli.

Mtume (S.A.W.) alikataza hakimu kuhukumu akiwa na ghadhabu. Na alipomtuma Sayyidna Ali (R.A.) Yemen kuwa kadhi, hali bado ni kijana, alimfunza kuwa watakapokaa mbele yake wawili wenye kushtakiana asihukumu mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Maagizo haya mawili si ya makadhi peke yao. Mwenye kiti aliyekasirika na aahirishe mpaka kesho. Na asiahirishe kwa kusema "tutaona", bali aseme kesho saa fulani, na fulani aitwe. Kama jambo ni la kuchagua baina ya mambo mawili ya halali, basi ipo na istikhara, rakaa mbili na dua yake. Watu wameigeuza istikhara kuwa ni kungoja ndoto, hali ya kuwa asili yake ni mja kukiri mbele ya Mola wake kuwa yeye hajui na Mola ndiye ajuaye, na kiongozi aliyekwisha kukiri hivyo usiku haoni uzito kuuliza watu mchana. Kushauriana na istikhara havishindani. Kimoja ni cha kuwakabili waja na kimoja ni cha kumkabili Aliyewaumba.

Na kwa kamati zetu tuna pendekezo moja dogo, lisilogharimu kitu. Kila kamati ina daftari la mwenendo wa vikao, na kila kikao huanza kwa kuandikwa majina ya waliohudhuria. Chini yake na uachwe mstari, ndani yake yaandikwe majina ya wale ambao jambo lililo mezani lawagusa na hawapo chumbani: mwalimu, mjane, mpangaji, kijana, jirani wa upande wa kibla. Yasomwe kwa sauti kabla ya kura. Kisha mwenye kiti aulize kwa kila jina: huyu tumemsikia, au twamngoja mpaka lini?